KUPANDA POLE POLE NA KURUDI SALAMA: SAFARI YA MLIMA KENYA
Mazungumzo kwa watu wa Ruiri na kwa wote wakaao chini ya mlima

Mtu akisimama Ruiri alfajiri, kabla jua halijapata nguvu na mawingu hayajakusanyika, huweza kuutazama Mlima Kenya ukiwa wazi toka msituni hata vileleni. Ikifika saa nne au saa tano, aghalabu mlima umekwisha jifunika, na mgeni apitaye njiani kwenda Isiolo hawezi kujua ya kuwa upo. Wameru huuita Kirimaara. Wakikuyu huuita Kirinyaga. Tangu zamani wazee waliutazama kwa heshima. Waliingia mwituni kutafuta asali na dawa, lakini huko juu kwenye mawe matupu na baridi kali hapakuwa na shamba wala malisho ya kumvuta mtu.

Siku hizi mambo ni mengine. Kila mwaka watu wengi huja kutoka nchi za ng'ambo, na wengi pia kutoka Nairobi na miji mingine ya Kenya, ili watembee kwa miguu siku nne, tano au sita katika njia za mlima ule. Vijana wa Meru, wa Tharaka-Nithi, wa Embu, wa Nyeri na wa Laikipia hupata kazi ya kuwachukulia mizigo, kuwapikia na kuwaongoza. Wengine, wanafunzi na waalimu, hupanda kwa hiari yao wenyewe wapate kuijua nchi yao. Kwa sababu hiyo yafaa kila nyumba iliyo chini ya mlima ijue namna safari hiyo ilivyo, na hasa ijue jambo moja ambalo limewaua watu wenye nguvu waliodhani hawawezi kufa. Jambo hilo litaelezwa mbele kidogo. Kwanza na ielezwe njia.

UREFU WA MLIMA NA WALIOUPANDA

Mlima Kenya ni wa pili kwa urefu katika Afrika nzima, baada ya Kilimanjaro. Una vilele vingi, lakini vitatu ndivyo vijulikanavyo zaidi. Batian una mita 5,199, yaani zaidi ya futi 17,000. Nelion una mita 5,188. Hivi viwili ni majabali yaliyosimama wima, na hapana mtu awezaye kuvifikia ila kwa kamba na kwa ujuzi wa kupanda mawe. Cha tatu ni Lenana, chenye mita 4,985, na hiki mtu mzima wa afya aweza kukifikia kwa miguu yake, bila kamba, iwapo atafuata taratibu. Majina yote matatu yametokana na majina ya malaiboni wa Kimasai.

Mwaka 1849, tarehe 3 Desemba, mmisionari Ludwig Krapf aliuona mlima huu akiwa Kitui katika nchi ya Ukambani. Alipoandika ya kuwa kuna theluji karibu na Ikweta, wako wataalamu wa Ulaya waliomcheka. Mwaka 1887 Count Samuel Teleki alipita juu ya msitu akafika kwenye nchi ya mawe, lakini hakufika kileleni. Mwaka 1899, tarehe 13 Septemba, Halford Mackinder pamoja na waongoza njia wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika juu ya Batian. Nelion haukupandwa hata mwaka 1929, ulipopandwa na Eric Shipton na Percy Wyn Harris. Na Kenya ilipopata Uhuru Desemba 1963, Kisoi Munyao, mwana wa Ukambani, aliipandisha bendera ya taifa jipya juu mlimani.

Katika habari hizi zote majina ya wakuu wa safari yameandikwa. Majina ya wachukuzi waliobeba hema, chakula na kuni hayakuandikwa sana, ingawa pasipo wao hapana hata mmoja ambaye angalifika mbali. Mazungumzo haya yawahusu wao kuliko wengine, maana ndio wanaotoka vijiji kama Ruiri.

NJIA MBILI KWA MTU WA RUIRI

Ziko njia kadha wa kadha za kupanda, lakini kwa mtu atokaye Ruiri mbili ndizo zilizo karibu.

Ya kwanza ni njia ya Sirimon, upande wa kaskazini. Msafiri huiendea kwa kufuata barabara ya Meru na Nanyuki, akapita Timau, kisha akaiacha barabara kuu na kupanda hata kwenye lango la Hifadhi ya Taifa, lililo kwenye mita 2,650 hivi. Toka langoni hata kituo kiitwacho Old Moses, chenye mita 3,300, ni mwendo wa saa tatu au nne. Toka Old Moses hata kituo cha Shipton, chenye mita 4,200, ni mwendo wa saa sita au saba kupitia bonde la Mackinder. Toka hapo hata Lenana ni kupanda kwa saa tatu hata tano, mahali pakali penye changarawe zitelezazo.

Ya pili ni njia ya Chogoria, upande wa mashariki. Msafiri hupita mji wa Meru na Nkubu akaelekea Chuka, na kabla ya kufika Chuka huingia Chogoria. Njia hii ilikatwa katika miaka ya 1920 na Mzungu aitwaye Ernest Carr, aliyejenga pia vibanda vya kulala huko juu. Toka mji wa Chogoria hata langoni ni kama kilomita 30 katika msitu mkubwa. Huko juu zaidi njia hukaa ukingoni mwa bonde refu ambamo Mto Nithi huanza safari yake, na chini kabisa mwa bonde huonekana ziwa Michaelson, kama kioo kilichoangushwa kati ya majabali. Wengi husema ya kuwa hakuna njia nzuri kuliko hii katika mlima wote. Wasafiri wengi hupanda kwa Sirimon na kuteremka kwa Chogoria.

Katika njia zote mbili msafiri huona nchi ikibadilika kila saa chache. Kwanza ni msitu wa miti mikubwa, kisha mianzi, hasa upande wa Chogoria ambako mvua ni nyingi. Humo wamo ndovu na nyati, na hii ndiyo sababu mtu asitembee msituni peke yake wala usiku. Baada ya mianzi huja miti ya zamani iliyoning'inia ndevu za kijani, kisha vichaka na majani ya nyika yenye maji maji. Juu zaidi ya hapo ipo mimea isiyopatikana chini: mikubwa kuliko mtu, kama kabichi iliyowekwa juu ya shina la mti. Usiku baridi iingiapo mimea hiyo hufunga majani yake ili kuukinga moyo wake, na asubuhi huyafungua tena. Pimbi huketi juu ya mawe wakiota jua. Mwisho hubaki mawe, mchanga na barafu.

Miezi iliyo mizuri kwa safari ni Januari na Februari, na tena Julai hata Septemba. Miezi ya mvua nyingi, Machi hata Mei na Oktoba hata Desemba, njia hujaa matope na huko juu huanguka theluji.

HEWA YA MLIMANI

Sasa na lielezwe lile jambo lililotajwa mwanzoni.

Kila mpishi aliyefanya kazi mlimani ajua ya kuwa maharagwe hayaivi kwenye kituo cha Shipton. Mpishi huweza kuyachemsha toka asubuhi hata jioni, maji yakitokota sufuriani, na bado yakawa magumu. Wageni kazini hudhani ya kuwa kuni ni mbichi au jiko ni bovu. Sababu siyo hiyo. Chini pwani maji huchemka yanapofikia joto la digrii 100. Kwenye mita 4,200 huchemka kwenye digrii 86 hivi, na hayawezi kuzidi hapo hata moto ukiongezwa, ila yakifungiwa katika sufuria ya mvuke. Hii ni kwa sababu hewa ya juu haina uzito wa kuyakandamiza maji kama hewa ya chini.

Hewa hiyo hiyo iliyoshindwa kuyakandamiza maji ndiyo mtu anayoivuta kifuani. Juu ya Lenana, pumzi moja ina hewa iliyozidi kidogo tu nusu ya ile iliyomo katika pumzi moja ya mtu aliyeketi Mombasa. Mtu akipelekwa huko kwa ghafula, mwili wake hustuka. Lakini mwili una busara. Ukipewa siku chache hujifunza: huvuta pumzi kwa kasi zaidi, hutoa maji ya ziada, na damu yake hubadilika ili ichukue hewa vizuri. Mwili hauwezi kufundishwa haya kwa haraka, wala kwa matusi, wala kwa fedha.

Kwa hiyo madaktari wa milima wametoa kanuni. Mtu akisha kupita mita 3,000, asilale kila usiku mahali palipozidi pale alipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja pasipo kupanda. Sasa na ilinganishwe kanuni hiyo na safari ifanywayo na wengi. Usiku wa kwanza hulala Old Moses, mita 3,300. Usiku wa pili hulala kwa Shipton, mita 4,200. Hapo wamepanda mita 900 kwa siku moja. Na asubuhi ya tatu hutaka kusimama Lenana. Wengi hufika na kurudi wakiwa na kichwa kiumacho tu. Lakini wako wasiorudi hivyo.

Dawa yake ni kuongeza siku. Msafiri alale Old Moses siku mbili, na siku ya pili apande kidogo kutazama nchi, kisha arudi chini kulala. Baada ya hapo aweza kulala Liki North, penye mita 4,000 hivi, kabla ya kufika kwa Shipton. Siku hizo mbili za ziada hugharimu unga, chai na posho ya watu. Gharama hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kumteremsha mgonjwa kwa machela, na ni ndogo mno kuliko gharama ya mazishi.

DALILI ZA UGONJWA WA MLIMA

Ugonjwa huu huanza kama homa ndogo ya kawaida. Kichwa huuma. Chakula hakitamaniki, na pengine mtu hutapika. Usingizi huwa haba, na mwili huchoka kuliko kazi iliyofanywa. Mwenye dalili hizi asipande tena. Na akae pale pale, anywe maji na chai, apumzike. Zikiisha baada ya siku moja, aweza kuendelea. Zikizidi, ateremke.

Baada ya hapo kuna namna mbili mbaya zaidi. Namna ya kwanza ni mapafu kujaa maji. Mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, na baadaye hutema povu lenye rangi ya damu. Midomo na kucha hugeuka rangi. Namna ya pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyo na maana, hukasirika bila sababu au hunyamaza kabisa. Ili kumjaribu, na aambiwe atembee katika mstari mmoja ulionyoka, akiweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine. Akishindwa, hapana shauri jingine tena.

Kwa namna zote mbili dawa ni moja: kumteremsha mgonjwa mara moja. Asingojewe kupambazuke ikiwa njia ni salama na watu wa kumsaidia wapo. Asiambiwe alale apate nafuu, maana usingizi huo waweza kuwa wa mwisho. Vipo vidonge ambavyo daktari aweza kumpa mtu kabla ya safari au wakati wa ugonjwa, na pengine hewa ya chupa huwapo, lakini vitu hivi havichukui mahali pa kuteremka. Mita 500 au 1,000 za kushuka huweza kufanya kazi isiyofanywa na sanduku zima la dawa.

Tena na ifahamike vema ya kuwa nguvu za mwili si kinga. Kijana acheze mpira, awe mkimbiaji, awe mbeba magunia sokoni, ugonjwa huu hausikii sifa zake. Mara nyingi kijana ndiye aumizwaye, kwa kuwa miguu yake humfikisha juu upesi kuliko damu yake inavyoweza kujifunza. Mzee atembeaye taratibu akisimama kila mara kuvuta pumzi huweza kufika Lenana, na yule aliyempita akicheka amelala hemani akitapika.

MCHUKUZI ANAYENYAMAZA

Na ichukuliwe mithali. Kijana mmoja wa Ruiri, mwenye miaka 22 na kifua kipana, apata kazi yake ya kwanza mlimani. Aondoka nyumbani alfajiri, ifikapo saa sita mchana yuko lango la Sirimon, na jioni hiyo hiyo yuko Old Moses na mzigo begani. Siku ya pili afika kwa Shipton. Usiku kichwa chamwuma kama kinachopigwa nyundo. Mgeni mwenye safari, aliye katika hema nzuri, akiumwa kichwa atamwita kiongozi na kusema. Lakini kijana huyu asema nini? Moyoni ahesabu mambo matatu. Kwanza, akisema ni mgonjwa atarudishwa chini, na huenda asilipwe. Pili, wenziwe watamcheka, na jina la uvivu litafika Ruiri kabla yake. Tatu, kiongozi hatamchukua safari nyingine. Basi ajifunika blanketi na kunyamaza.

Saa tisa usiku waamshwa ili wapande wakati changarawe zimegandishwa na baridi na mawingu hayajaja. Kijana ainuka akiyumba. Mmoja asema, "Huyu amekunywa." Mwingine asema, "Mwacheni alale, tutamkuta tukirudi." Hapa pana njia mbili. Wakimwacha peke yake katika hema, watakaporudi mchana huenda wakamkuta hana fahamu, au wakamkuta amekwisha kufa. Wakimtwaa wawili, mmoja kila upande, na kumshusha bondeni kuelekea Old Moses, huenda saa saba mchana akaomba uji mwenyewe na kushangaa kwa nini wenziwe wanamtazama hivyo.

Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini si haki kumlaumu mficha maradhi peke yake, ikiwa wakubwa wake wamemfanya aone ya kuwa kusema ni hasara. Kwa hiyo kabla safari haijatoka langoni yafaa mambo manne yapatanwe, mbele ya wote.

La kwanza, mchukuzi akiugua atalipwa siku alizofanya kazi na njia ya kurudi nyumbani, wala jina lake halitafutwa. La pili, kiongozi atamwuliza kila mtu, mwenye mali na mchukuzi, asubuhi na jioni: je, kichwa chauma, umekula, umelala? Na atamtazama usoni akijibu. La tatu, mgonjwa hatashuka peke yake kamwe, bali na mwenziwe ajuaye njia. La nne, mzigo wa kila mtu utapimwa kwa mizani, na hataongezewa vitu vya siri njiani.

Mwenye safari asiyekubali haya, na asiende. Na mchukuzi asiyeuliza haya kabla ya kuubeba mzigo hajijali. Kuuliza si ujinga.

MAVAZI, CHAKULA NA BARIDI

Watu wengi wa nchi ya chini hudhani ya kuwa baridi ya mlimani ni kama baridi ya Julai, ikizidi kidogo. Sivyo. Huko juu maji ya birika huganda usiku, hata Ikweta ikiwa karibu. Na baridi huua zaidi pamoja na maji. Shati la pamba lililolowa mvua au jasho hunyonya joto la mwili. Sweta la sufu hufaa kuliko hilo hata likilowa. Basi mtu awe na nguo za namna mbili, moja ya kutembelea na nyingine ya kulalia, na hii ya pili ikae katika mfuko usiopitisha maji ndani ya shanta, isiguswe na mvua hata tone. Koti la mvua, kofia ya sufu, glavu, soksi mbili mbili na buti zilizokwisha valiwa na kuzoewa ni lazima. Buti mpya hutoa malengelenge siku ya kwanza. Vitu hivi vyote huweza kupatikana kwa mitumba katika masoko ya Meru kwa mtu atafutaye mapema. Si lazima viwe vya dukani. Tochi nayo isisahauliwe, pamoja na betri za akiba.

Chakula kiwe cha kuiva upesi: unga wa uji, mchele, viazi, mkate, karanga, sukari. Maharagwe na githeri vipikwe chini kabla ya safari au vibaki nyumbani. Maji yanywewe mengi, na yachemshwe au yatiwe dawa. Pombe iachwe kabisa, maana huficha dalili za ugonjwa na kulipoteza joto la mwili. Na jua la huko juu, ijapokuwa baridi ipo, huunguza ngozi na macho. Kofia yenye ukingo na miwani ya jua si mapambo.

Kila msafiri aandikishe jina lake langoni kwa askari wa Hifadhi, na nyumbani aache habari ya njia apitayo na siku atakayorudi. Simu ya mkononi hupata mawimbi mahali pengine, pengine haipati kitu. Mtu asiiweke roho yake katika simu.

KUGEUKA NYUMA SI AIBU

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wafungwa wengi wa Kiitaliano walikuwa katika kambi karibu na Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliutazama mlima kila siku kupitia seng'enge mpaka akashindwa kuvumilia. Januari 1943 yeye na wenziwe wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini, si ili wakimbilie kwao, bali wapande mlima. Chuma za kukanyagia barafu walizifua wenyewe kwa siri. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyokuwa katika karatasi ya mkebe wa nyama. Chakula kilikuwa haba.

Barsotti aliugua, naye hakupanda tena. Alibaki kambi ya chini. Wale wawili walijaribu Batian, na hali ya hewa ilipochafuka, na nguvu zao zilipopungua, waligeuka nyuma. Baadaye walipanda Lenana, wakaweka bendera yao, kisha wakarudi wote watatu kambini wakajisalimisha. Safari yao ilikuwa ya siku 18. Watu husifu ushujaa wao wa kupanda. Lakini wenye kuijua milima huona ushujaa mwingine: watu wale waliojiweka katika hatari ya kupigwa risasi kwa ajili ya Batian walijua saa ya kuuacha. Wangeendelea, hapana ambaye angalisimulia habari hiyo.

Mlima hauondoki. Mtu aliyeshindwa mwaka huu aweza kuurudia mwakani.

DENI LA WAPANDAO

Liko neno la mwisho, nalo lawahusu hata wale ambao hawatapanda kamwe. Mvua na ukungu wa Mlima Kenya ndio uilishao Mto Tana upande mmoja na Ewaso Nyiro upande wa pili. Watu wa Ruiri, wakaao kwenye upande ulio mkavu, hawana haja ya kufundishwa thamani ya maji. Msitu na majani ya nyika huko juu hufanya kazi kama sifongo: huipokea mvua, huihifadhi, na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi.

Machi 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu pana ya nyika hiyo. Moto wa huko huanza kwa kitu kidogo: kipande cha sigara, jiko lililoachwa, au moshi wa mrina asali. Kwa hiyo wasafiri na wapike kwa jiko la gesi au la mafuta, na kuni za mlimani ziachwe. Takataka zote walizopanda nazo washuke nazo, na choo kifanywe mbali na mto, maana mto huo una watu chini yake.

Barafu nayo yapungua. Mto wa barafu uitwao Lewis, ulio karibu na Lenana, umepimwa na wataalamu tangu mwaka 1934, na sehemu yake iliyo kubwa sana imekwisha yeyuka. Mwingine uitwao Gregory umetoweka. Mtoto azaliwaye Ruiri leo huenda akikua asione weupe ule ambao babu zake waliona kila asubuhi. Jambo hili halikuletwa na wapandaji wala haliwezi kuzuiwa na wao peke yao, kwa kuwa joto la dunia nzima limeongezeka. Lakini msitu uliopo bado waweza kulindwa na watu wanaoishi karibu nao.

Basi, ndugu wasikilizaji, wazazi wa Ruiri wakiulizwa na mtoto wao ruhusa ya kwenda kufanya kazi mlimani, wasimkataze kwa hofu tu, wala wasimwache aende kwa tamaa ya fedha tu. Na wamwulize: safari ni ya siku ngapi? Utalala wapi usiku wa kwanza na wa pili? Nani kiongozi, naye atafanya nini ukiugua? Nguo zako kavu ziko wapi? Akiweza kuyajibu maswali hayo manne, na apewe baraka.

Na kiongozi wa safari, afikapo langoni siku ya mwisho, asiulizwe kwanza ni wangapi waliofika Lenana. Na kifunuliwe kitabu cha lango, yahesabiwe majina ya waliopanda, kisha wahesabiwe watu waliosimama hapo, wageni na wachukuzi pamoja. Hesabu mbili zikiwa sawa, safari ilikuwa njema.